Mwenye jina anakula kwenye mauzo, wewe unakula kinachobaki

Mama yangu mdogo alistaafu ualimu mwaka jana, na mnajua wenyewe mtu akishalipwa kiinua mgongo hapa Moshi habari zinavyotembea, ndani ya wiki mbili alikuwa ameshaletewa viwanja vitatu vya Himo, hisa za kitu fulani cha kwenye simu, na hili ambalo ndo limenifanya niandike leo: kijitabu kizuri cha rangi, kurasa kama ishirini hivi, cha kampuni ya kuku wa kukaanga inayotafuta watu wa kufungua matawi Moshi na Arusha. Franchaizi. Unalipia jina, wanakupa menyu, wanafundisha vijana wako, wanaleta mashine, unafungua mlango.

Nilimkuta sebuleni kwake Soweto, kijitabu kipo mezani pembeni ya chupa ya chai, miwani kaipandisha juu ya paji la uso, nikamwamkia, hata sijakaa vizuri akaniambia, "Mwanangu, we si ndo mtu wa hesabu, hebu niambie hii ni biashara au sio biashara." Kazi yangu ni kufunga hesabu za maduka madogo madogo, Moshi kwa wingi na Arusha kidogo, kwa hiyo maswali haya nimeyazoea. Nikamwambia mama, kijitabu ni tangazo, naomba nione mkataba. Mkataba hakuwa nao. Ila alikuwa ameshaambiwa atume laki tano ya kushikiwa nafasi kabla ya mwisho wa mwezi, manake eti kuna mtu wa Arusha naye anaitaka Moshi.

Swali ninaloulizwa kila wiki ni "brandi gani inalipa?" na mi naona hilo swali linaanzia pabaya. Kabla ya kuuliza jina lipi, uliza huyu mwenye jina anakula wapi. Franchaizi nyingi duniani mwenye jina anakula kwenye mauzo, yaani kila shilingi inayoingia kwenye droo asilimia yake inahesabika hapohapo, kabla hujalipia kuku, kabla ya Luku, kabla ya dada wa kaunta. We unakula mwisho kabisa, ukoko ulioshika chini ya sufuria. Mko watu wawili kwenye duka moja lakini njaa zenu hazifanani, na ukishalielewa hili tu vipengele vingi vya mkataba ambavyo vilikuwa giza vinaanza kuonekana.

Nikachukua daftari la mjukuu wake, nikamwambia tuandike mfano, sio hesabu za kampuni yoyote, ni duka la kawaida la kuku na chipsi katikati ya mji kwa bei ninazoziona kwa wateja wangu. Tuseme mauzo ni milioni 20 kwa mwezi na VAT imeshatolewa (manake kwa mauzo hayo kwa mwaka umeshavuka milioni 200, ambacho ndo kiwango cha kusajiliwa VAT tangu 2023, na ile asilimia 18 sio hela yako hata siku moja). Kuku, viazi, mafuta, soda, weka milioni 8. Vifungashio vyenye nembo laki 8. Pango la fremu iliyokaa vizuri milioni 2. Vijana sita milioni 2 na laki moja. Umeme laki 9, friza hazilali. Gesi laki 5. Gari la kuleta mali kutoka Dar laki 6. Ulinzi, taka, leseni na vitu vidogo vidogo laki 3. Sasa mwenye jina: mrabaha, yaani malipo ya kutumia jina, asilimia 6, mfuko wa matangazo asilimia 2, jumla milioni 1 na laki 6. Vyote pamoja milioni 16 na laki 8. Inabaki milioni 3 na laki 2.

Mama akatabasamu. Kwa mwalimu mstaafu milioni tatu kwa mwezi sio kitu kidogo, na mimi mwenyewe ningetabasamu. Nikamwambia ngoja kwanza. Kufungua lenyewe waliandika kama milioni 120, yeye ana nusu, nusu nyingine ni benki, na mkopo wa milioni 60 kwa riba ya asilimia 17 kwa miaka minne rejesho lake ni kama milioni 1 na laki 7 na elfu 30 kila mwezi ukae ulale. Tumebakiwa na karibu milioni moja na nusu na TRA hajagusa bado.

Halafu tukaleta Aprili. Masika, matope, wageni wa mlima na wa mbuga wamekata, shule zinataka ada, mauzo yanashuka mpaka milioni 16, na wala sijaweka mwezi mbaya sana hapo. Vinavyoshuka pamoja na mauzo ni mali, vifungashio na fungu la mwenye jina, vingine vyote vimesimama palepale: pango halijui masika, vijana ni walewale sita, friza zinakula umeme uleule, na gari la Dar linakuja limejaa au limejaa nusu. Tukapiga tena. Inabaki milioni 1 na laki 2 na elfu 80. Tukaangalia fungu la mwenye jina kwa mwezi huo, asilimia 8 ya milioni 16, milioni 1 na laki 2 na elfu 80. Mko sawasawa kwa shilingi, ila yeye hadaiwi na benki. We ukilipa rejesho unachomoa mfukoni laki 4 na nusu. Mauzo yameshuka asilimia 20, mapato yake yameshuka asilimia 20, ya kwako yamegeuka deni.

Mama akashusha miwani akaisoma ile mistari upya kwa kidole kama anasahihisha daftari la mwanafunzi. Hakusema kitu kwa muda.

Sisemi franchaizi ni wizi, naomba nieleweke hapa, manake kuna watu wakisoma makala kama hii wanakimbilia kusema "bora uanzishe ya kwako", na mimi nimefunga hesabu za wengi walioanzisha ya kwao wakafunga kabla ya mwaka wa pili kwa makosa ambayo mtu mwenye mfumo angewaonyesha siku ya kwanza. Kuna thamani ya kweli kwenye kupewa vipimo, kufundishiwa wafanyakazi, kununua kwa pamoja kwa bei ya jumla. Ninachosema ni kwamba unapochagua usiangalie nembo, angalia mkataba umezipangaje zile njaa mbili, je mwenye jina anaweza akashiba wakati we unalala na njaa? Kama anaweza, na kwa miaka mingi, basi hilo jina hata liwe kubwa vipi halikufai.

Chukua habari ya ofa. Nunua kuku mmoja upate chipsi bure, mauzo yanapanda, foleni inatoka mpaka nje, picha zinapigwa. Mwenye jina asilimia yake imepanda. Zile chipsi za bure nani kazilipia? Soma mkataba uone kama una haki ya kukataa promosheni au ukitangaziwa tu ni lazima. Masaa ya kufungua ni vilevile, ukilazimishwa kufungua mpaka saa sita usiku kwenye mtaa wa Moshi ambao saa tatu watu wameshalala, ile elfu ishirini utakayouza usiku yeye anapata asilimia yake na we unalipa mlinzi, umeme na bodaboda za kuwarudisha wasichana majumbani.

Kuna na kima cha chini. Baadhi ya mikataba inaandika mrabaha ni asilimia kadhaa AU kiasi fulani cha hela, kipi kikubwa ndo kinalipwa. Hapo hata ule mshuko wa Aprili wa mwenye jina umeondolewa, mnyeshewaji umebaki we peke yako.

Mipaka sasa. Hili sisi Watanzania tungekuwa walimu wa dunia, manake tumeshalisoma kwenye uwakala. M-Pesa ilipoingia 2008 aliyewahi kuweka kibanda alikuwa anakula vizuri, halafu kampuni zikaendelea kusajili, leo nenda Mbuyuni hapa Moshi au Kilombero ya Arusha hesabu meza za wakala kwenye hatua mia, wanakaa wamepangana kama nyanya. Kampuni haijakosa kitu, miamala inaongezeka, ila kamisheni ya yule wa kwanza imegawanywa mara kumi. Franchaizi ni hivohivo. Ukifungua Sakina kule Arusha, mwenye jina akamruhusu mwingine Ngarenaro mji huohuo, mauzo ya jumla yanapanda na yeye anafurahi, ila wateja wako wamepungua. Kwa hiyo lazima mkataba utaje eneo lako kwa majina ya kata au kwa kilomita, na useme wazi kama na oda za kwenye simu zinazopelekwa na bodaboda zinaheshimu huo mpaka. "Kanda ya Kaskazini" sio mpaka.

Nije kwenye mali, hapa ndo pana maumivu makubwa na nitakaa kidogo.

Nina rafiki Arusha, alifungua tawi la kuku maeneo ya Kijenge, brandi siitaji jina. Alifunga baada ya mwaka na miezi minne. Nilimtembelea kwake kabla sijamjibu mama, akanipeleka stoo nyuma ya nyumba, akafunua turubai: vikaangio viwili vya chuma, kaunta yenye rangi ya kampuni, na maboksi ya vifungashio vyenye nembo, mengine hayajafunguliwa kabisa, utepe uko vilevile. Akaniambia, "Kaka, mi hasara yangu ilianzia kwenye kuku, sio kwa wateja. Wateja walikuwepo." Mkataba ulisema kuku lazima watoke kwa kampuni, wameshakatwa na kukolezwa, wanakuja wamegandishwa kwenye gari la baridi kutoka Dar, kilomita zaidi ya 600. Kuku mmoja alikuwa anamfikia kwa 9,800. Mfugaji wa Usa River alikuwa tayari kumletea mlangoni kwa 7,000, wamechinjwa asubuhi. Elfu mbili na mia nane kwa kila kuku, na siku nzuri alikuwa anauza kuku hamsini. Laki moja na elfu arobaini kwa siku inapita mbele ya macho yake. Aliandika barua, akajibiwa kwamba ni suala la ubora. Labda ni kweli, viungo ni siri yao na wana haki ya kuvilinda, ila aliyekuwa anauza wale kuku na aliyekuwa anakula mrabaha ni mtu yuleyule, na mtu akila sehemu mbili haumwi sana na duka lako kufa polepole.

Siku moja gari liliharibika njiani likaingia Arusha na kuku wameyeyuka, maji yanadondoka kwenye maboksi. Alikataa kupokea. Ile ankara ilibaki kwenye deni lake miezi mitatu wanabishana nani wa kubeba hasara, manake mkataba ulikuwa kimya, na mkataba ukiwa kimya anayeumia ni yule mdogo.

Kuna kitu kingine alinionyesha ambacho sikutegemea. Alipofunga alitaka atumie vikaangio vilevile auze kuku kwa jina lake mwenyewe, fremu bado anayo, pango kalipia miezi sita mbele. Ukurasa wa karibu na mwisho ukasema haruhusiwi kuuza kuku wa kukaanga ndani ya mji huo kwa miaka miwili baada ya mkataba kuisha. Mtu ana mashine, ana mtaa, ana vijana waliofundishwa, na hana ruhusa ya kukaanga kuku. Ndo maana vile vikaangio viko chini ya turubai. Omba kipengele hiki kipunguzwe kabla hujasaini, au kiondolewe kama kampuni ndo itakayovunja mkataba, manake siku ya kuondoka hutakuwa na nguvu ya kuomba chochote.

Na hii sio ya Arusha tu. Marekani kulikuwa na kampuni ya sandwichi inaitwa Quiznos, ilifika maduka karibu 5,000, na malalamiko makubwa ya wenye maduka yalikuwa hayahaya, kulazimishwa kununua mali kupitia kampuni kwa bei ya juu wakati faida ya duka inazidi kuwa nyembamba. Maduka yakafungwa kwa maelfu, na mwaka 2014 kampuni yenyewe ikaenda mahakamani kuomba kinga ya ufilisi. Mkamuaji alikausha ng'ombe.

Sasa zipo zilizopangwa tofauti na ni vizuri kuzijua hata kama huwezi kuzipata hapa, ili uwe na cha kulinganisha. Chick-fil-A, ya Marekani hukohuko, ada ya kuingia ni dola 10,000 tu, jengo na vifaa ni vya kampuni, halafu inachukua asilimia 15 ya mauzo NA nusu ya faida, na haikubali mtu mwenye biashara nyingine pembeni, lazima uwe dukani mwenyewe. Ukisikia nusu ya faida unashtuka, lakini fikiria: sehemu ya chakula cha kampuni iko kwenye sufuria moja na yako. Gharama zikipanda naye anaumia. Ofa ya kijinga inamkata naye. Sisemi ni rahisi, asilimia 15 ni nzito na duka halitakuwa mali yako kamwe, ila ona walivyozisogeza njaa karibu karibu.

Na mfano wa nyumbani tunao, tunaupita kila siku. Bonite hapa Moshi ni franchaizi. Soda ya Coca-Cola tunayokunywa Kilimanjaro na Arusha inajazwa na Bonite, kampuni ya marehemu Mzee Reginald Mengi, kwa jina la watu wa Atlanta, Marekani. Utaratibu wenyewe ni wa zamani, mwaka 1899 mawakili wawili wa Chattanooga walienda kwa mwenye Coca-Cola wakapewa haki ya kujaza soda kwenye chupa karibu Marekani nzima kwa dola moja, na mkataba ule uliweka bei ya shira bila kikomo cha muda. Kwa wajazaji ilikuwa neema. Vita ya kwanza ya dunia ikaja, sukari ikapanda vibaya, safari hii aliyebanwa akawa mwenye jina, wakaishia mahakamani. Ninachokiona hapo ni kwamba hata jina kubwa kuliko yote lilipata shida pale mkataba ulipombebesha mmoja hasara zote. Na Bonite walifanya kitu kimoja ambacho napenda kila mwenye franchaizi akifikirie, walijaza soda ya watu huku wanajenga maji yao, Kilimanjaro, jina la hapahapa. Angalia kama mkataba wako unakuruhusu kuwa na kitu cha kwako pembeni ya jina la mtu.

Vituo vya mafuta nitapita haraka, manake wengi wanaviona ndo franchaizi salama. Bei ya kikomo inatangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo nafasi yako ya kuongeza faida kwenye lita ni finyu, unaishi kwa wingi wa lita na kwa duka na kuosha magari. Kama kampuni ya mafuta ndo mwenye kiwanja, soma sehemu ya pango kwanza kabla ya kitu kingine chochote.

Karatasi. Hapa Tanzania hatuna sheria maalum ya franchaizi, unalindwa na sheria ya mikataba ya kawaida, ya ushindani na ya alama za biashara, basi. Hakuna anayemlazimisha mwenye jina akuonyeshe maduka mangapi yamekufa. Marekani wanalazimishwa, kuna kitabu cha taarifa chenye vipengele 23 na lazima ukipate siku 14 kabla ya kusaini au kulipa hela yoyote, na ndani yake kuna orodha ya wenye maduka wa sasa na walioondoka. Afrika Kusini nao, kwa sheria yao ya kumlinda mlaji, unapewa taarifa siku 14 kabla na hata ukishasaini una siku 10 za kazi za kubadili mawazo bila faini. Kwa hiyo kama brandi inayokujia inauzwa huko, hizo karatasi WANAZO, ziko kwenye kompyuta yao, omba. Akikwambia Tanzania hazihitajiki, ameshakujibu mengi.

Kingine nenda BRELA, wale wanaosajili biashara, au fanya kwenye mtandao wao, uone kama lile jina limesajiliwa kama alama ya biashara hapa nchini na kwa nani. Alama hapa inasajiliwa miaka 7 ya kwanza halafu inahuishwa kwa miaka 10, kwa hiyo angalia na tarehe. Nimewahi kuona mtu analipia jina ambalo aliyemuuzia hakuwa amelisajili Tanzania. Na kama kampuni ni ya nje, mrabaha unakatwa kodi ya zuio asilimia 15, yaani inakatwa hapa kabla hela haijaenda kwao, sasa mikataba mingi ya kwao inaandika kwamba kodi zote zitabebwa na mwenye duka, yaani yeye apokee asilimia 6 kamili mkononi. Piga hesabu, asilimia 6 imekuwa kama 7 na ushee. Kwa mauzo ya milioni 20 ni zaidi ya laki mbili kila mwezi imejificha kwenye mstari mmoja.

Na uliza jina likifa inakuwaje. Arusha tunajua, pale TFA kulikuwa na supamaketi ya Shoprite, 2014 wakaondoka nchini maduka yakaenda Nakumatt, miaka michache Nakumatt nayo chali. Yale hayakuwa ya franchaizi, lakini majina makubwa yanaondoka, na we ukiwa umebandika bango lao na una miaka sita ya mkataba mbele yako unatakiwa ujue kama unaachiwa huru au unabaki unadaiwa.

Nilimwambia mama kitu kimoja ambacho hakiko kwenye daftari. Nilikaa Double Road siku mbili, Jumanne na Jumamosi, karibu na fremu waliyomwonyesha, na kalamu, nahesabu wanaoingia kwenye sehemu mbili za chakula jirani kuanzia saa tano asubuhi mpaka saa mbili usiku. Sitaki kuandika namba za biashara za watu hapa, ila kufikisha yale mauzo ya milioni 20 ilitakiwa wateja kama 80 kila siku wa wastani wa elfu nane bila VAT, na Jumanne ile hata zile mbili kwa pamoja hazikufika. Kijitabu kilipiga picha ya Desemba. Desemba Moshi ni mji mwingine, Wachaga wote wamerudi, hela ipo, hata ukiuza mawe yatanunuliwa, ila pango linalipwa miezi kumi na mbili. Arusha nako tangu habari ya uwanja wa AFCON pale Olmoti madalali wanapandisha kilemba cha fremu kila kukicha, na watu wanasaini kwa ajili ya mwezi mmoja wa mashindano.

Na kazi yenyewe jamani. Hiki kijitabu hakisemi kwamba utasimama. Mama ana miaka 60, magoti yanamsumbua, anapenda watoto na vitabu, hajawahi kuajiri hata mtu mmoja. Duka la kuku ni saa mbili asubuhi stoo, saa sita foleni, saa nne usiku kufunga droo na kuhesabu kuku waliobaki kwenye friza kwa mkono. Kumwachia meneja ni mshahara mwingine laki sita au saba, rudi kwenye daftari uone unatoka wapi. Nilimuuliza mama kama isingekuwa na jina, kama ingekuwa tu banda la kuku la kwako, ungeifanya hii kazi? Alikaa kimya halafu akasema, "Ningeweza stationari karibu na shule. Hii ya kuku ningeifanya kwa sababu ya bango." Nilimshukuru kwa kusema kweli.

Laki tano hakutuma. Alimpigia yule kijana wa kampuni mbele yangu, akaweka sauti ya nje, kwa upole wake wa kiualimu akamwambia, "Baba, naomba mkataba mzima niusome wiki mbili, na naomba namba za watu watatu waliowahi kufungua halafu wakafunga." Kijana akasema atauliza ofisini. Mkataba ulikuja baada ya siku nne, kurasa 41. Namba zimekuja mbili, moja ya Morogoro haipokelewi, nyingine ni ya mama mmoja wa Arusha, amesema tukienda Jumamosi mchana atakuwepo na atatuonyesha vitabu vyake.